Sikio la Kushoto ni la Mzee

Miaka ile sikio langu la kulia lilikuwa la dunia nzima, na la kushoto lilikuwa la mtu mmoja. Nilikuwa na redio mbili juu ya meza moja, na hedifoni ambayo niliikata waya nikaigawa, kila upande ukala chakula chake. Kulia nilimsikia Mhindi akimwita Mrusi, na Mbrazili akimwita yeyote atakayeitika. Kushoto nilisikia mvumo mtupu, kama sufuria ya maji inayochemka chumba cha tatu, na ndani ya mvumo huo nilikuwa namngoja mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa ambaye sijawahi kumwona kwa macho.

Mimi ni mtu wa ndani. Kigoma ina watu wa ziwani, watu wa reli na watu wa sokoni. Mimi nilikuwa mtu wa chumbani, mtaa wa Kasingirima, katika nyumba aliyotuachia baba, nikitengeneza redio na pasi za watu barazani. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda stesheni kupokea vipuri vilivyokuja na treni, na hata hiyo nilikuwa naifikiria tangu jana yake. Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa boti, ambako watu wanakwenda na kurudi na kuku wao kwapani kana kwamba wanavuka barabara, sikuwa nimefika. Nilikuwa nikiumwa boti kabla ya kuipanda boti. Lakini nilikwisha kuzungumza na mtu wa Finland, akanieleza jinsi theluji ilivyomzibia mlango, nikampa pole nyingi, ingawa hayo ndiyo maisha niliyoyataka mimi.

Dada yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, aliyekuwa akiuza dagaa ufukweni Kibirizi na kuniletea chakula kila alipokumbuka kwamba nami ni mtu, alipenda kuwaambia wateja wake: "Mdogo wangu ametembea sana. Finland amefika. Mwamgongo bado."

Ugonjwa huu wa redio niliambukizwa na mhandisi wa maji, Mzungu aliyepanga nyumba ya jirani. Alikuwa mwendeshaji wa redio wa ridhaa, yaani mtu anayesema na watu wa mbali kwa mapenzi yake tu, halipwi, hatangazi kitu, hatafuti mchumba. Fizikia yangu ya kidato cha nne ilimfurahisha. Alinifundisha, akanisaidia kuandikia Dar es Salaam hadi nikapata leseni yenye herufi na tarakimu zangu mwenyewe, na mkataba wake ulipokwisha akaniachia redio, maiki, na waya mrefu uliotoka kwenye mchikichi wetu hadi kwenye paa.

Waya ule ulimleta mwenyekiti wa mtaa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, mji umejaa wageni na magari ya misaada, na kila kitu kilichoning'inia kilitiliwa shaka. Akasimama mlangoni na kofia yake.

"Unaongea na nani humu ndani?"

"Na yeyote anayejibu, mwenyekiti."

"Na asiyejibu?"

"Huyo ndiye ninayeongea naye zaidi."

Akanitazama, akaitazama leseni ukutani, akatazama kitanda changu na sufuria moja. Akaondoka. Baadaye nilisikia amemwambia dada kwamba mimi si mpelelezi, ila nitafutiwe mke.

Basi mzee. Alikuwa fundi wa telegrafu aliyestaafu kutoka kwenye meli za ziwa, anakaa upande wa Kongo, karibu na mji wa Baraka, na alikuwa anasema kile Kiswahili chao cha kule kinachotembea na viatu vyake chenyewe. Tulikutana hewani kwa bahati, alasiri moja, nami nikafanya kama nilivyolelewa: nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Akauliza: "Hiyo ni nini tena? Rudilia."

Kwao hawana shikamoo. Nikamweleza kwamba ni heshima, mdogo anampa mkubwa, na mkubwa anapokea kwa marahaba. Alifurahi kama mtu aliyezawadiwa kanzu. Tangu siku hiyo aliidai. Tulipanga saa kumi alasiri kila siku, na saa kumi ikifika mzee hakuwa anafungua mdomo. Alikuwa anasikiliza tu, huko kwake, mpaka shikamoo imfikie.

"Mutoto ndiye anabisha hodi," alikuwa akisema. "Mimi niko kwangu, ninakungoja weye. Marahaba! Sasa lete habari."

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia kila siku, kwa sababu habari sikuwa nazo.

"Habari nzuri tu, mzee."

"Nzuri namna gani? Uliona nini?"

"Nilitengeneza pasi."

"Na jana?"

"Jana pasi ilikuwa haijakuja."

Alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Weye ni mutu wa nyumba kabisa. Utakufa bila kuona hata Mwamgongo! Mimi nimeiona Mwamgongo tangu juu ya meli, mara mingi, na sikai Tanzania." Na akishacheka kwa mdomo, alichukua kile kidude chake cha telegrafu akabonyeza nukta, yaani milio mifupi, nne za haraka, kisha mbili. Aliniambia hicho ndicho kicheko cha watu wa telegrafu, dunia nzima wanacheka hivyo, Mjapani na Mreno. Mimi mtihani wa telegrafu nilikuwa nimefaulu kwa kuponea chupuchupu. Mzee akinitumia sentensi ya maneno matatu nilikuwa nashika la kwanza na nukta ya mwisho. Kwa hiyo tulikuwa tunaongea kwa sauti, na ile telegrafu tukaiacha kuwa ya kuchekea.

Sasa niseme kuhusu redio ya pili, maana bila hiyo nisingekuwa na la kuandika.

Mtambo wa mzee wa kurushia sauti ulikuwa mkongwe, na uliweza kusema mahali pamoja tu hewani. Palipowekwa na kiwanda ndipo hapo hapo. Na mahali hapo, kwa upande wake, palikuwa na makelele ya mitambo mingine yenye nguvu, kiasi kwamba mimi nikimjibu papo hapo alikuwa hanisikii. Tukakubaliana: yeye aseme chini, pale pake pa siku zote, na mimi nijibu juu kidogo, palipo patulivu. Watu wa redio ya ridhaa wanafanya hivyo sana. Ila mimi nilikuwa na redio moja ya kazi hiyo. Nikitaka kumsikia nazungusha chini, nikitaka kusema nazungusha juu, na kila mara nikakosa neno la kwanza la mzee au yeye akakosa la kwanza langu. Nilikuwa kama mpishi mwenye mwiko mmoja na sufuria mbili katika vyumba viwili.

Redio ya pili ililetwa barazani na mama mmoja aliyevuka na boti. Ilikuwa ya kupokea tu, nzito, ya chuma, imefungwa kwenye kitenge, na ilikuwa imekufa. Alisema marehemu mumewe alikuwa anasikilizia Ulaya. Yeye alitaka kitu kidogo cha kumsomea mama yake mzee habari za Kirundi kwa sauti kubwa, basi. Nikampa redio kaseti yangu nzuri iliyokuwa ikilia mpaka kona ya mtaa, akanipa lile chuma lake, na kila mmoja wetu aliondoka akiamini amemwonea mwenzake huruma. Nilipolifungua nilikuta waya mmoja umeachia. Lilipowaka lilikuwa na sikio la popo.

Nikaliweka mahali pa mzee na sikuligusa tena. Sikio la kushoto. Ile redio yangu ya zamani ikabaki juu, mahali ninaposemea, na wakati ambao si saa kumi niliizungusha nilikotaka. Kilichobaki kilikuwa tatizo moja: nilipokuwa nikisema, sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa jirani mno, iliingia kwenye redio ya pili na kunipigia yowe sikioni hadi meno yakauma. Nikatengeneza swichi. Nikibonyeza maiki, redio ya pili inazimwa sauti, nikiachia, inarudi.

"Yaani ukisema wewe, huyu anaziba masikio?" dada aliuliza siku nilipomwonyesha.

"Ndiyo. Ni lazima."

"Hata mimi nikiisikia sauti yako muda mrefu naziba."

Tulikwenda hivyo, mimi na mzee, kwa muda mzuri. Sasa nilikuwa nalisikia kila neno lake, hata pumzi anayovuta kabla ya kunitania. Kisha ng'ambo pakaharibika.

Tuliyajua kwanza kwa masikio, hapa mjini: boti zikaanza kuingia Kibirizi usiku na mchana, na watu waliokuwa wameshuka wakasema kwa sauti za chini. Mzee alikuwa anasema kidogo kidogo. Siku moja alisema vijana wenye bunduki wamechukua jenereta ya misheni. Siku nyingine alisema anatumia betri ya gari ambalo halipo tena. Siku ya mwisho aliipokea shikamoo yangu kama kawaida, akasema, "Mutoto, sisi tunapanda mulima. Redio nitabeba. Weye endelea saa kumi." Nikasema ndiyo mzee. Hakucheka kwa telegrafu siku ile, na sikuwa na habari ya kumchekesha.

Kesho yake saa kumi nikamwamkia. Kimya. Keshokutwa, kimya. Zikapita siku, wiki zikaingia ndani ya wiki.

Niliita jinsi mtu mwenye hofu anavyoita. Saa kumi ikigonga nabonyeza maiki: shikamoo mzee, shikamoo mzee, hapa ni mutoto wa Kigoma, nakuita, shikamoo, kama unanisikia jibu, shikamoo mzee. Naachia, navuta pumzi, kushoto mvumo, nabonyeza tena. Kimya kile kilikuwa kinanitisha, kwa hiyo nilikuwa sikipi nafasi. Majirani waliozoea kunisikia nikiongea Kiingereza cha kuungaunga na mataifa, sasa walisikia mwanamume mzima akiuamkia ukuta alasiri nzima.

Dada alikuwa akirudi Kibirizi na harufu ya dagaa na habari za waliofika. "Nenda mwenyewe ukaulize," akaniambia. "Watu wa Baraka wapo. Wanafika kila siku."

"Akiita wakati nimetoka?"

"Hajaita ukiwa umekaa."

"Na nitawauliza nini? Jina lake silijui, nina herufi za leseni yake. Sura yake siijui. Nimwambie mtu aliyeshuka kwenye boti sasa hivi na watoto wake kwamba namtafuta mzee anayekohoa akicheka?"

Dada hakunitania. Hilo ndilo lililonishtua zaidi. Akaniwekea ugali na samaki wa migebuka, akaondoka.

Baadaye kidogo, alasiri moja ya mawingu, alikuja na kunikuta katikati ya shikamoo zangu. Akakaa kitandani, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo, ananisikiliza kwa jicho la pembeni. Mvua ikaanguka ghafla kama inavyofanya kwetu, bila kuomba ruhusa, na nguo zangu zote zilikuwa kwenye kamba nje. Nikavua hedifoni, nikakimbia kuanua. Kamba ilikuwa imejifunga kwenye mchikichi, shati moja likaruka kwa jirani, nikalifuata. Niliporudi, nimelowa, na nguo kifuani, nikamkuta dada ameivaa hedifoni kichwani juu ya kilemba, amekaa kwenye kiti changu.

"Nimeona nikae na mkeo kidogo," akasema. Kisha akakunja uso. "Humu ndani kuna ndege."

"Ndege gani?"

"Kadogo. Kako mbali. Kanalia pi, pi-pi, kananyamaza, kanaanza tena. Upande huu wa kushoto."

"Hizo ni kelele za mitambo ya watu. Nimezisikia wiki zote hizi. Nipishe, muda unakwisha."

Nikaweka nguo, nikavaa hedifoni kwa kuipindua ili naye asikie upande mmoja, nikabonyeza maiki: shikamoo mzee, shikamoo mzee. Nilipoachia, nikavuta pumzi, nikainua tena kidole. Dada akanishika mkono.

"Wewe! Ukisema, kanakufa. Ukinyamaza, kanafufuka. Sasa nyamaza!"

"Dada, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Kazi gani! Unamwamkia mzee wa watu, hata marahaba hujapokea, unamwamkia tena. Ulilelewa wapi? Toa shikamoo moja, ungoje, kama watu wengine."

Nikangoja. Nilifanya hivyo ili nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kushoto mvumo, mvumo, na chini kabisa ya mvumo, pale ambapo mtu anayetarajia sauti ya binadamu hawezi kufika, pi. Pi-pi. Kistari, ule mlio mrefu wa telegrafu. Kistari.

Nilikuwa nimemngoja mzee aje na mdomo wake. Sikumfikiria aje na kidude cha kuchekea. Kumbe betri iliyochoka haiwezi kubeba sauti ya mtu kuvuka ziwa, lakini nukta inaibeba, nukta ni nyepesi. Hayo nilifundishwa na yule mhandisi, na mzee mwenyewe alinirudia mara nyingi, nami nikaitikia kama mwanafunzi anayeitikia huku anaangalia dirishani.

Nilitafuta kalamu, sikuiona. Nikashika chaki niliyokuwa natumia kutia alama redio za wateja, nikaandika juu ya meza. Alikuwa anatuma taratibu, taratibu sana, kama unavyomlisha mtoto, kwa sababu alijua kichwa cha mwanafunzi wake. M. A. R. Nilikosa moja. H. A. B. A.

"Amesema nini?" dada aliuliza.

Nikamwonyesha meza.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeona? Mzee ana adabu kuliko wewe."

Yaliyofuata yalikuja vipande vipande, na niliyaomba yarudiwe, na aliyarudia, na kila kurudia kulikuwa kunakula betri. NAKUSIKIA KILA SIKU. Kisha: BETRI KIDOGO. KUSIKIA HAINYWI. KUSEMA INAKUNYWA. Ikapita nafasi ndefu, nikadhani ndiyo mwisho, dada naye akadhani hivyo kwa sababu aliacha kuchambua mchele. Halafu: SEMA WEYE. LETE HABARI.

Basi. Mahali alipokuwa sikuambiwa, na alikuwa na nani sikuambiwa. Alichotaka yule mzee, juu ya mlima wake, ni habari za Kigoma.

Nilibonyeza maiki na nikagundua, mbele ya dada yangu, kwamba sina habari hata moja.

"Mzee," nikasema, "leo mvua imenyesha. Nguo zimelowa." Nikamtazama dada. Dada akatikisa kichwa, akaninong'oneza: "Jirani. Shati." Nikasema, "Shati langu moja limekwenda kwa jirani peke yake. Limetembea kuliko mimi."

Kuanzia hapo nilikuwa na shikamoo moja, kungoja kwa muda wa kutosha, na baadaye habari. Jibu halikuja kila siku. Kwa kweli siku nyingi halikuja kabisa. Sikujua kama ninasema na mtu au na mlima. Lakini alikuwa amesema kusikia hainywi betri, nami nikalishika neno hilo. Nilimweleza habari za pasi zote. Nilimweleza habari za paka. Nilimweleza ndoto, na zilipokwisha nikamtungia ndoto nyingine, na siku moja katikati ya ndoto ya uongo nikaona haya, kwa sababu mtu aliyeacha nyumba yake hakustahili kuletewa ndoto za mtu asiyetoka kwake.

Asubuhi yake nikamwambia dada, "Leo nakuja Kibirizi."

Alishusha beseni chini. "Kuna nani amekufa?"

"Nakuja kutafuta habari."

Nilikwenda. Nilisimama kwenye mchanga ule wenye magamba ya samaki na wapagazi wakanipiga vikumbo. Nilisikia mwanamke wa dagaa akimwambia mteja, "Kama unataka wakubwa, subiri wazae," nikalihifadhi hilo kichwani kwa ajili ya saa kumi. Nilimwona mchukuzi akibishana na mbuzi. Niliona pia boti ikishusha watu wa ng'ambo: godoro lililolowa, mama aliyebeba kichwa cha cherehani kama mtoto, wazee waliokuwa wanatazama chini pale wanapokanyaga. Nikawaamkia wale wazee, mmoja mmoja. Shikamoo. Nikangoja. Wengi walinijibu "jambo" na kupita. Ndivyo walivyozoea kwao. Yule wangu angejibu marahaba, na ningemjua hapo hapo, hata angekuwa amebadilika namna gani, kwa kuwa sikuwa na cha kumlinganisha nacho. Mama mmoja aliniuliza kwa upole ninamtafuta nani. Nikasema hapana, naamkia tu.

Alasiri ile nilimletea mzee habari za kweli. Za mbuzi nilizitia chumvi kidogo. Nikawa naenda kila asubuhi. Watu wa Kibirizi walinizoea, wakanipa jina ambalo sitaliandika, na dada akawa anatangaza kwamba mdogo wake amepona.

Ndipo nikafanya lile kubwa. Siku moja saa kumi ilipofika nikamwambia mzee, "Kesho sitakuwepo. Kesho naenda Mwamgongo. Dada atakaa kwenye kiti changu, lakini hana leseni, kwa hiyo atasikiliza tu. Usimtukane, anaelewa." Nikangoja. Mvumo.

Sitaieleza safari yenyewe kwa urefu, aibu yangu inatosha. Boti ilikuwa imejaa mizigo na watu wenye furaha. Hatukuwa tumekwenda mbali nilipoanza kuyarudishia maji kila nilichokula Kasingirima tangu utotoni. Bibi mmoja alinishika shati mgongoni ili nisianguke, na akaendelea kuzungumza na mwenzake juu ya bei ya chumvi kana kwamba ameshika mfuko. Mwamgongo nilifika nikitambaa. Nililala kwa jamaa ya yule bibi. Kuna mlima mkubwa nyuma, nyumba zimebanana mbele yake, na watoto wa pale walikuja kunitazama kwa sababu hawakuwa wameona mtu mzima aliyeogopa boti. Kesho yake nikarudi, bibi yule yule, shati lile lile.

Dada alikuwa barazani. "Hakuna kitu," akasema kabla sijauliza. "Nimekaa mpaka giza. Mvumo tu." Akaniangalia vizuri. "Umekuwa wa kijani."

Saa kumi nikakaa. Shikamoo mzee. Nikangoja. Kisha nikamweleza yote: bibi, shati, chumvi, watoto. Nikamwambia Mwamgongo nimeiona, na nimeiona kwa karibu kuliko alivyoiona yeye, maana nilikuwa nimelala kifudifudi juu yake. Nikaachia maiki. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemeza sikio kwenye upande wa kushoto wa hedifoni, shavu lake linanuka dagaa.

Ilichukua muda. Tulikipa kimya kile nafasi yote kiliyoitaka.

Pi-pi-pi-pi. Pi-pi.

"Hiyo ni nini?" dada akanong'ona. "Ameandika nini?"

"Hajaandika. Anacheka."

Zikaja tena, nne na mbili, dhaifu zaidi, na ya mwisho ikamezwa na mvumo. Dada akakaa kitandani, akaufunika uso kwa ncha ya khanga. Mimi nilibaki nimeinama juu ya lile chuma la marehemu mume wa yule mama, nimelibana kwa mikono miwili.

Sikumsikia tena. Betri ina mwisho wake, na mengine yaliyoweza kumtokea mtu miaka ile siyaandiki hapa, kwa sababu siyajui. Najua tu alichoniambia, kwamba kusikia hainywi. Kwa hiyo niliendelea. Asubuhi Kibirizi, au stesheni, au Ujiji hadi mwisho wa barabara, na mara mbili zaidi Mwamgongo, nikiumwa zote mbili. Nikiona jambo la kuchekesha nililikimbiza nyumbani lisipoe. Watu walikuwa wakinisimamisha njiani: "Fundi, haraka ya nini? Si huwa hutoki wewe?"

"Nina mzee nyumbani," nikawa najibu. "Ananingoja saa kumi."